Mkao wa mgonjwa na ganzi ya neva za kifua: mwongozo kamili kwa watoa usingizi

Mkono ukipasuliwa unaweza kuutuliza kwa plasta au kitambaa. Kifua huwezi. Mgonjwa atavuta pumzi mara kumi na tano kwa dakika, atakohoa, atageuka kitandani, na kila mara mbavu zitasogea pale pale palipochanwa. Asipopata nafuu atapumua kwa juujuu, makohozi yatabaki chini ya mapafu, na baada ya siku mbili tatu unaitwa wodini kwa sababu ya nimonia. Mofini peke yake inapunguza maumivu lakini inampunguzia na pumzi pia. Ndiyo maana naihesabu ganzi ya neva kuwa sehemu ya upasuaji wenyewe, si nyongeza ya kuwekwa muda ukiruhusu.

Wengi wetu tulianza na ganzi ya uti wa mgongo kwa akina mama wanaojifungua kwa upasuaji. Pale tulifundishwa kwamba mkao unaiongoza dawa: bupivakeini nzito, dawa ya ganzi, hushuka kwa uzito wake, ukimlaza mgonjwa kushoto inafuata kushoto. Tunahamia kifuani na fikra hiyo hiyo, nayo inatupotosha. Kifuani dawa haishuki ndani ya maji. Inasukumwa kati ya misuli na mfupa. Mkao hapa una kazi nyingine. Unalisogeza kombe la bega, unapanua au kubana nafasi kati ya mbavu, unabadili pembe ya sindano, unabadili pumzi ya mgonjwa, na unaamua kama mkono wako utatulia au utatetemeka. Kwa hiyo mkao na ganzi vichaguliwe pamoja, kabla hujavuta dawa kwenye bomba.

Mwongozo huu ni wa mtu aliyekwisha kufundishwa ganzi hizi na anayezifanya akiwa na msimamizi. Usiutumie kujifunzia peke yako juu ya mgongo wa mtu.

Hatua ya kwanza: jua kisu kitapita wapi

Muulize daktari wa upasuaji maswali matatu: upande gani, utapasua wapi, na mrija wa kifua utautokeza wapi. La tatu ndilo husahauliwa. Kidonda kikubwa kinaweza kuwa nafasi ya 5 ya mbavu huku mrija ukitokea nafasi ya 7 au ya 8, na mgonjwa akiamka anakuonyesha kwa kidole penye mrija, si penye kidonda. Ukilijua hilo mapema utashuka pingili moja au utagawa dawa sehemu mbili.

Kila neva ya kifua hutoka kati ya pingili mbili, hutoa tawi la mgongoni, hupita chini ya ubavu wake, hutoa tawi la pembeni chini ya kwapa, kisha huishia mbele karibu na mfupa wa kidari. Kadiri unavyochoma karibu na uti wa mgongo, ndivyo unavyopata sehemu kubwa ya neva. Ganzi iliyowekwa mbele hairudi nyuma.

Hizi ndizo ninazozizungumzia hapa. Ganzi ya paravetebra huwekwa pembeni mwa uti wa mgongo, karibu kabisa na pleura, utando unaofunika mapafu. Hugo Sellheim aliianza mwaka 1905, ikasahaulika kwa muda mrefu, na Eason na Wyatt wakaifufua mwaka 1979. Ganzi ya erekta, iliyoelezwa na Mauricio Forero na wenzake mwaka 2016, huwekwa chini ya misuli mirefu inayonyoosha mgongo, juu ya ubawa wa pingili, yaani ule mfupa unaochomoza pembeni. Ganzi ya serato ni ya Rafael Blanco na wenzake, mwaka 2013. Huwekwa ubavuni, chini ya kwapa. Ipo pia ganzi ya kando ya kidari kwa waliopasuliwa mfupa huo, kama wagonjwa wa moyo.

Kwa upasuaji wa kifua kwa kamera, mapendekezo ya mwaka 2022 ya PROSPECT, kundi la wataalamu wa maumivu ya baada ya upasuaji, yanaanza na paravetebra au erekta, kisha serato kama chaguo la pili. Mimi nafuata mpangilio huo, ila mgonjwa asipoweza kugeuka, la pili linakuwa la kwanza.

Hatua ya pili: yaulize mapafu kabla ya kuuliza kitanda

Hapa ndipo naomba usipite haraka.

Mgonjwa mwenye usaha kifuani, jipu la pafu, au tundu lililounganisha njia ya hewa na nafasi ya pleura ana kimiminika kinachosubiri pa kwenda. Ukimlaza kwa ubavu mzima, upande unaoumwa ukawa juu, usaha au damu vinaweza kumwagikia pafu la upande wa pili, ambalo ndilo pekee linalompumulisha. Wewe unaona upande wa ganzi uko juu, mbele yako, umekaa vizuri, yeye anazama. Hospitali zetu zinapokea wagonjwa wengi wa namna hii, waliopitia kifua kikuu au nimonia iliyochelewa kutibiwa. Mgonjwa kama huyo, akiwa macho, mketishe. Akishaletwa usingizini na mrija wa njia mbili ukatenganisha pafu na pafu, hapo ubavu unawezekana.

Kwa mgonjwa ambaye hana usaha wala damu ya kumwagika, kulala na pafu zima likiwa chini mara nyingi huisaidia oksijeni, maana damu nyingi hushukia kwenye pafu linalofanya kazi. Mpe oksijeni, mlaze, kisha itazame monita dakika mbili kabla hujafungua sinia. Oksijeni ikianza kushuka, mkao huo si wake.

Waliovunjika mbavu kwenye ajali, wa bodaboda wakiwemo, wana swali lao: shingo imethibitishwa kuwa salama? Nyonga je? Kama jibu bado, usimketishe wala usimgeuze kwa ajili ya ganzi. Abaki chali, na serato ipo kwa ajili yake.

Hatua ya tatu: kuketi

Huu ndio mkao ninaoupenda kwa mgonjwa aliye macho. Anapumua vizuri zaidi, kiwambo, yaani msuli wa kupumulia ulio chini ya mapafu, kinashuka, na mstari wa katikati ya mgongo unaonekana hata kwa mtu mnene.

Mketishe pembeni mwa kitanda, miguu ikanyage stuli. Miguu inayoning'inia humfanya ateleze mbele na mgongo wake ukaze. Weka meza ndogo mbele yake na mto juu yake. Mwambie, "Baba, kumbatia huo mto kama umembeba mjukuu, kidevu kishuke, mgongo utokeze kwangu." Maneno hayo yanafanya kazi kuliko "jikunje", kwa sababu akikumbatia, makombe mawili ya mabega yanaachana na kutoka kwenye njia yako. Utaona nyama kati ya kombe na uti wa mgongo ikitandazika, na ubawa wa T4 na T5 (T ni pingili ya kifua, zikihesabiwa kutoka juu) uliokuwa umejificha ukijitokeza chini ya probu, kile kichwa cha mashine ya ultrasaundi.

Lakini kombe likihama, alama yako imehama nalo. Tulifundishwa kwamba ncha ya chini ya kombe iko takriban usawa wa T7. Ni kweli mikono ikiwa imeshuka pembeni. Mikono ikikumbatia mto, ncha hiyo huenda nje na juu, na anayehesabu kutoka hapo atakosea pingili moja au zaidi. Ama weka alama kwa kalamu kabla hajakumbatia, ama, bora zaidi, hesabu mbavu kwa ultrasaundi kuanzia ubavu wa 12 kupanda. Asiyekuwa na ultrasaundi akumbuke pia kwamba nundu za mifupa ya uti wa mgongo, zile za katikati ya kifua, zimeinama chini: ncha ya nundu ya T5 unayoigusa kwa kidole iko karibu usawa wa ubawa wa T6.

Mashine ya ultrasaundi iwe upande wa pili wa mgonjwa, mbele ya uso wako, ili jicho, sindano na kioo viwe mstari mmoja. Pandisha kitanda mpaka sehemu ya kuchoma ifike usawa wa kiwiko chako. Probu isimame kwa urefu, sentimita 3 kutoka katikati. Ukiona mfupa wa duara na kati yake na mwenzake mstari mweupe unaoteleza kwa pumzi, hiyo ni mbavu na pleura. Umekwenda nje mno. Rudi ndani polepole mpaka mfupa uwe bapa, mpana, na wa juu zaidi. Huo ndio ubawa wa pingili.

Mtu mmoja asimame mbele ya mgonjwa tangu mwanzo mpaka mwisho, mikono ikiwa mabegani mwake, na asitumwe kufuata kitu chochote. Niliwahi kumwachia msaidizi atoke kuchukua glavu. Mgonjwa wangu, kijana mwenye nguvu zake, alipiga miayo mara mbili, kijasho chembamba kikatoka kwenye paji la uso, na kabla sijatoa sindano alikuwa anaegemea upande. Nilimdaka kwa bega langu. Mapigo yalikuwa yameshuka chini ya 50. Tulimlaza, tukainua miguu, atropini ya kupandisha mapigo miligramu 0.5, akarudi. Tangu siku hiyo miayo kwangu ni dalili, na glavu huwekwa tayari kabla. Dawa ya kumtuliza iwe kidogo: midazolamu miligramu 1 au fentanili mikrogramu 25 hadi 50 inatosha. Mgonjwa anayesinzia akiwa ameketi ni mgonjwa anayeanguka.

Hatua ya nne: ubavu

Huu ni mkao wa mgonjwa aliyekwisha kulala usingizi, kwa sababu daktari wa upasuaji naye anamtaka hivyo hivyo. Mgonjwa analala upande wake mzima, upande wa upasuaji unakuwa juu, na unapata dakika chache kabla hajafunikwa. Usizipoteze.

Mto chini ya kichwa, wa kutosha shingo isipinde. Mto kati ya magoti. Shuka iliyokunjwa chini ya kifua, chini kidogo ya kwapa lakini isiwe ndani ya kwapa, ili neva za mkono wa chini zisibanwe. Kisha pima mapigo kwenye kifundo cha mkono huo. Mkono wa juu uvutwe mbele, ulale juu ya mto au kishikio. Kwa kuuvuta, kombe la bega huondoka kwenye mstari wa erekta, kazi ile ile iliyofanywa na kukumbatia. Mkono ukiachwa nyuma, kombe litakaa juu ya T3 na T4 na utapigana na kivuli chake kwenye kioo.

Kuna tatizo moja la mkao huu ambalo watu hulilaumu kwa mashine. Nyama na ngozi ya mgongo hushuka kuelekea kitandani. Kwa mtu mnene, mfereji unaouona katikati ya mgongo si katikati tena. Umeteleza chini sentimita kadhaa. Ukipima sentimita 3 kutoka hapo umepotea. Laza probu kwa upana kwanza, itafute nundu yenyewe, weka alama, ndipo uisimamishe probu.

Mwili ubavuni pia hubiringika. Ukibiringika mbele kidogo, sindano uliyodhani imenyooka inaelekea kwenye pleura. Ukibiringika nyuma, inaelekea kwenye uti wa mgongo. Kwa erekta mfupa unakukinga, kwa paravetebra hakuna kinachokukinga. Mgonjwa afungwe mkanda wa nyonga kabla ya sindano, na mgongo uwe wima kama ukuta.

Kitanda kikikunjwa katikati ili kupanua mbavu, kikunjwe baada ya ganzi kuwekwa na mrija mdogo wa kuendelezea dawa, kama upo, kubandikwa imara, na ukague tena kama haujavutika.

Chali, na kifudifudi kwa kifupi

Serato na ganzi ya kando ya kidari hufanywa chali. Mkono wa upande huo uinuliwe pembeni, usizidi nyuzi 90, maana ukizidi unazinyoosha neva za mkono. Kwapa likifunguka, teleza probu mpaka ubavu wa 4 au wa 5 kwenye mstari wa katikati ya kwapa. Shuka iliyokunjwa chini ya mgongo upande huo humwinua kidogo na kukupa nafasi ya kufika nyuma zaidi, jambo la maana kwa mbavu zilizovunjika ubavuni. Waliovunjika mbavu nyuma kabisa, karibu na uti wa mgongo, serato haitawatosha, na familia ya mgonjwa iambiwe hivyo mapema.

Mrija mdogo uliowekwa kwa serato mkono ukiwa juu unaweza kuhama mkono ukishuka, kwa sababu misuli ya kwapa huteleza. Ushushe mkono, angalia tena kwa probu, ndipo ubandike.

Kifudifudi ni rahisi kwa macho na kwa mikono, hasa kwa erekta ya pande mbili. Ila mgonjwa wa kifua aliye macho haumudu, na aliye usingizini anaweza kuchomokwa na mrija wa hewa wakati wa kugeuzwa. Sioni sababu ya kumgeuza mtu kifudifudi kwa ganzi peke yake.

Simama kabla ya kuchoma

Kugeuza mgonjwa kunageuza pia kulia na kushoto kichwani mwako. Ukikaa nyuma ya mgonjwa aliyeketi, kulia kwake ni kulia kwako. Ulipomwona wodini akiwa anakutazama, kulia kwake kulikuwa kushoto kwako. Na mshale wa kalamu wa daktari uko kifuani mbele, usiouona. Omba mshale uchorwe mpaka mgongoni. Kisha, sindano ikiwa mkononi, simama: msaidizi asome fomu kwa sauti, mgonjwa ataje upande kama yuko macho, ndipo uchome. Katika orodha ya usalama ya WHO ya mwaka 2008, timu nzima husimama kabla ya kisu. Sisi tusimame pia kabla ya sindano.

Dawa

Bupivakeini ya kawaida, si ile nzito yenye glukosi ya ganzi ya uti wa mgongo. Chupa zinafanana na mara nyingi hukaa rafu moja; soma mwenyewe, kwa sauti. Kikomo ninachotumia ni miligramu 2 kwa kila kilo. Mgonjwa wa kilo 60 ana miligramu 120. Mililita 20 za asilimia 0.25 ni miligramu 50, kwa hiyo pande mbili ni 100, umo ndani. Lakini mgonjwa aliyekondeshwa na maradhi mpaka kilo 45 ana miligramu 90 tu, na pande mbili hizo hizo zimeshapita. Mpe mililita 15 kila upande. Na kama daktari wa upasuaji atachoma ganzi kidondani, ile nayo ni ya kwenye hesabu hiyo hiyo.

Gusa mfupa, sukuma mililita 1 au 2 za saline, yaani maji ya chumvi, uone misuli ikinyanyuka kutoka kwenye mfupa kama shuka inayopulizwa na upepo. Ikivimba ndani ya misuli yenyewe, hujafika. Vuta bomba kila baada ya mililita 5 uone kama damu inarudi.

Panga pia nani atamlaza mgonjwa iwapo sumu ya dawa itaonekana: ladha ya chuma mdomoni, masikio kuvuma, maneno kuchanganyika, degedege. Tiba yote inaanza chali. Njia ya hewa, oksijeni, dawa ya degedege, kisha dripu ya mafuta ya asilimia 20, mililita 1.5 kwa kilo kwa takriban dakika moja. Kwa kilo 60 ni mililita 90. Adrenalini iwe kidogo kidogo, isizidi mikrogramu 1 kwa kilo. Hospitali isiyo na dripu hiyo ya mafuta iiombe kwa maandishi, na ikumbushwe.

Baada ya sindano

Naulizwa sana: nimlaze vipi ili dawa ienee? Kinachoieneza zaidi ni wingi wake, msukumo wako, na mwendo wa pumzi. Huna haja ya kumshikilia mgonjwa ubavuni nusu saa kwa matumaini. Mlaze taratibu, mrija mdogo ukiwa umebandikwa kupanda begani, mbali na uti wa mgongo, asije akaulalia ukajikunja. Presha ipimwe kila dakika tano, na hasa aliyepata paravetebra au epidurali (ganzi inayowekwa nje ya utando wa uti wa mgongo) akiinuliwa kuketi kwa mara ya kwanza.

Subiri dakika 20 hadi 30, kisha pima kwa barafu: mbele, ubavuni, na mgongoni. Chuchu ya mwanamume ni usawa wa T4, ncha ya chini ya kidari ni T6. Wanaopima mbele tu huandika kwamba ganzi imekubali, na usiku muuguzi anaambiwa na mgonjwa kwamba nyuma panawaka moto.

Kisha kuna bega. Mgonjwa anaamka, kidonda kimetulia, lakini anashika bega la upande ule ule na kunung'unika. Ganzi yako haijashindwa. Maumivu hayo mengi hupita kwenye neva ya kiwambo, ambayo haitoki kifuani bali shingoni, na mengine ni ya mkono uliovutwa mbele kwa muda wa saa nne mezani. Kuongeza dawa kwenye mrija mdogo hakutasaidia. Parasetamoli, dawa ya jamii ya ibuprofeni kama figo na tumbo vinaruhusu, na mto chini ya mkono.

Mwinue kichwa nyuzi 30 hadi 45, mpe mto aukumbatie ule ule wa asubuhi, akohoe. Kisha andika kwenye faili kwa herufi zinazosomeka: "Erekta, kulia, T5, ameketi, bupivakeini 0.25% mililita 20, saa 2:40 asubuhi, barafu haisikiki T3 hadi T8, bega halijaguswa na ganzi." Muuguzi wa zamu ya usiku, peke yake na wagonjwa ishirini, ataanzia hapo.